Filta ya Pembeni

Mjomba aliniuliza swali lililoonekana jepesi: niweke au nisiweke? Mkononi alikuwa na karatasi ya bei kutoka duka moja la vipuri Mombasa, shilingi 38,000 kwa seti nzima, yaani mtungi wa filta, mipira miwili ya presha, viungio vya shaba na elementi moja ya akiba. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori lake pale Bura. (Bura ya Taita, kwa wale ambao wakisikia Bura wanafikiria mashamba ya kumwagilia ya Tana River. Yetu ni ile ya misheni na ya reli iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, njia ya Voi kwenda Taveta.) Mimi nilisomea uinjinia wa mitambo miaka miwili na nusu kisha nikaacha, na lori hilohilo ndilo lililolipa karo. Kwa mjomba, miaka miwili na nusu inatosha. Huniita injinia mbele ya watu na sijawahi kumsahihisha.

Nilidhani ni swali la hesabu, basi nikaanza na mashine.

Injini ya dizeli huchafua oili yake yenyewe. Masizi hupenya kwenye ringi za pistoni, vumbi huingia kupitia filta ya hewa iliyochoka, na vyuma vikisuguana huacha unga. Vumbi letu ni jekundu na halina adabu. Ukifikiria miaka ambayo lori lile limebeba ndizi na vitunguu kutoka Taveta hadi soko la Kongowea, mingine ikiwa kabla ya lami, naweza kusema kipande cha Taita kimeshapita ndani ya injini ile.

Filta ya kawaida hupitisha oili yote kabla haijafika kwenye beringi. Ndiyo maana haiwezi kuwa na macho madogo sana. Ikibana mno oili inachelewa, na beringi ikikosa oili kwa muda mfupi tu, kwisha habari. Kuna hata vali inayofunguka filta ikiziba, ili oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu injini inaweza kuvumilia oili chafu kwa muda lakini haiwezi kuvumilia kukosa oili. Kwa hiyo filta hii inakamata vizuri chembe za maikroni 20 au 30 kwenda juu (unywele wa kichwa ni kama 70), na nyingi za zile ndogo zinapita. Ubaya ni kwamba chembe zinazolingana na utando wa oili kati ya vyuma viwili ndizo zinazosugua kama msasa.

Sasa filta ya pembeni. Unachukua oili kidogo pale kwenye swichi ya presha, unaipitisha kwenye tundu dogo la kama milimita moja hivi ili presha ya injini isishuke, inapenya polepole kwenye karatasi au pamba iliyoshindiliwa, kisha inarudi kwenye sampu. Ni sehemu ndogo tu ya oili inayozunguka, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Hakuna beringi inayoisubiri, kwa hiyo ina ruhusa ya kuchelewa, na kwa kuchelewa huko inakamata hadi chembe za maikroni chache. Mwishowe oili yote inakuwa imepita huko, tena zaidi ya mara moja. Si maneno ya matangazo tu. Volvo huweka filta ya namna hii kwenye injini zake kubwa za malori kutoka kiwandani, na Scania hutumia chombo kinachozungusha oili kwa kasi mpaka uchafu unaganda kwenye ukuta wake.

Nakiri napenda sana kitu hiki. Kazi inayofanywa kando, na kitu ambacho hakuna anayekisubiri! Pengine ni kwa sababu mimi mwenyewe niko kando tangu niache chuo, lakini tusijibebeshe mafumbo, ni mtungi wa chuma.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Lori linakula lita 14 za oili kila kilomita 10,000. Ukijumlisha na filta ya kawaida, servisi moja inamgharimu mjomba karibu 9,700. Akiweka filta ya pembeni na kusogeza servisi hadi kilomita 20,000, anaokoa servisi moja, anatoa 3,500 za elementi mpya, anabaki na 6,200. Anatembea kama kilomita 4,000 kwa mwezi, kwa hiyo 6,200 hizo ni za miezi mitano. Kurudisha 38,000 ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Na kusogeza servisi kwenyewe kuna masharti. Filta inaondoa chembe, hairudishi dawa zilizomo ndani ya oili, zile zinazoua asidi na kushikilia masizi yasigande. Dizeli yetu ni safi kuliko ya zamani, maana tangu 2015 Afrika Mashariki ilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, hivyo asidi imepungua. Bado lakini unatakiwa upeleke oili maabara, usikisie kwa kuitazama. Na mpira mmoja ukipasuka kule Maungu usiku, oili yote iko barabarani na injini imekufa.

"Kwa miaka miwili na nusu inalipa," nikamwambia.

"Mwezi wa kumi na mbili nauza," akasema.

Hapo nikajua nimekuwa nikijibu swali lisilo langu. Magoti yake yamechoka, anataka ng'ombe wa maziwa. Mnunuzi ameshapatikana, kijana wa Maktau anayechukua mkopo wa sako.

Tuna methali yetu ya ufa na ukuta, kila mtoto anaijua. Lakini methali ile inadhani asiyeziba ufa ndiye atakayejenga ukuta. Kwenye malori si hivyo. Mmoja anaacha ufa, mwingine anajenga. Anayeendesha si mwenye lori, mwenye lori wa leo si wa kesho, na ile oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji au kupakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa inaishia kwenye udongo wa watu ambao hawakuulizwa. Ukipiga hesabu kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja ana haki ya kutoweka filta. Ukipiga kwa uhai wote wa lori, iliwekwa zamani. Nilitaka kumwambia mjomba hivyo, nikajiona tayari nimepata makala.

Ndipo akauliza, sauti ya chini: "Lakini ukiiweka, oili itaonekana safi, sivyo?"

Ndiyo, mjomba. Itachelewa kuwa nyeusi. Kijana akivuta dipstiki ataona oili ya mtu anayejali gari lake. Na mimi na mjomba tunajua kwamba injini ile ikipata moto, taa ya oili huwaka ikiwa imesimama inanguruma tu. Beringi zimeisha.

Basi mtungi uleule, mipira ileile, ungeweza kuwa utunzaji au poda ya uso. Hata unga wa chuma, ambao ndio ushahidi, ungechujwa na kutupwa pamoja na elementi.

"Anakuja na fundi wake," mjomba akasema. "Fundi ana macho. Mimi sitamdanganya chochote."

Kumbe mabishano haya ni ya kale kuliko dizeli. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo Cicero aliandika kitabu cha wajibu, De Officiis, na ndani yake kuna mtu anauza nyumba yenye kasoro asizozijua mwingine ila yeye. Anataja wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji asidanganye, lakini halazimiki kutangaza kila kasoro. Antipater anasema lazima aseme. Cicero anasimama na Antipater. Mimi nikiwa kwenye kochi Nairobi nasimama naye pia, rahisi sana. Pale Bura, mbele ya mtu aliyenilipia karo kwa injini ileile, nilitazama viatu vyangu.

Sikumwambia usiweke. Ningependa kuandika kwamba nilimwambia. Nilichofanya ni kumwomba msumeno wa chuma. Nikatoa filta kuukuu ya kawaida, nikaikata, nikakunjua karatasi yake juu ya gazeti kama tulivyofundishwa karakana ya mwaka wa pili. Kwenye mikunjo kulikuwa na vipande vidogo vya rangi ya shaba. Shaba ikionekana, tabaka la juu la beringi limeshakwenda. Nikaeleza hilo na nikanyamaza. Ulikuwa uoga, nadhani, kuacha chuma kiseme badala yangu.

Mjomba aliitazama muda mrefu. Akaingia ndani, akarudi na mkebe wa zamani wa Kimbo, akaitia mle.

Kijana alikuja Jumamosi na fundi wake. Fundi alikwenda moja kwa moja kuvuta dipstiki. Mjomba akamzuia. "Subiri, mwanangu, anza na huu mkebe."

"Ni nini, mzee?"

"Muulize huyu injinia."

Bei ilishuka kwa shilingi 120,000. Niliiona sura ya mjomba wakati anakubali, na nikafanya hesabu nyingine ambayo hakuna aliyeniomba: ile ilikuwa zaidi ya karo ya mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwaka ambao sikuumaliza. Ng'ombe waliokuwa wawe watatu walikuwa wawili.

Filta ya pembeni hatukununua. Lakini wiki iliyopita yule kijana wa Maktau alinitumia ujumbe. Ameshabadilisha beringi zote, anapanga kukaa na lori miaka kumi, na anauliza lile duka la Mombasa liko mtaa gani.