Picha na Ukweli: Machozi ya Kioo

Tumeulizwa na ndugu mmoja juu ya zile picha za kamera walizozitoa wasanii wa Paris waitwao masurealisti, jamaa waliokusanyika mwaka 1924 pamoja na mwandishi André Breton, wakashika njia ya kuonyesha mambo kama yaonwavyo ndotoni: je, picha hizo si uwongo? Kwani kamera, asema muulizaji, ni shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kuota. Suala hili ni jema. Ama hukumu ya kupiga picha yenyewe, hatuingii humo; Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ameiandikia risala, na atakaye na aitazame.

Na tuchukue picha moja iliyo mashuhuri. Mwanzo wa miaka ya 1930 Man Ray, Mmarekani aliyekaa Paris, alipiga picha ya uso wa mwanamke, macho yameelekea juu, kope zimepakwa wanja mzito, na mashavuni mna matone ya machozi yamesimama kama lulu. Ukitazama vizuri waona kuwa hayateremki wala hayakulowesha kitu. Si machozi yale. Ni matone ya kioo, yamewekwa kwa mkono.

Basi uwongo u wapi? Kamera imeonyesha kilichokuwa mbele yake, yaani kioo juu ya shavu. Katika ilimu ya balagha twafundishwa kuwa maneno ni mawili: khabari, ambayo msemaji wake yamkinika kuambiwa umesema kweli au umesema uwongo, na insha, kama amri na swali, ambayo haiingiwi na hukumu hiyo. Picha iliyotundikwa ukutani bila ya dai haijawa khabari. Na wanazuoni wetu wamesoma Maqamat za al-Hariri karne baada ya karne, nao wajua kuwa visa vile amevitunga, wala hawakumwita mwongo.

Kisha wakumbuke ndugu zake Nabii Yusuf, amani imshukie. Walimjia baba yao usiku wakilia, na kanzu ina damu. Kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli, damu ilikuwa damu, na kilio kilisikika. Na juu ya hayo Mwenyezi Mungu ameiita damu ile ya uwongo. Wafasiri wasema Yaakub aliitazama kanzu akaona haina mraruko, akamstaajabia mbwa-mwitu amlaye mtu asirarue nguo yake.

Lakini khabari ya machozi ya kioo haikuishia hapo, na hapa ndipo penye uzito. Picha ile ile baadaye ilitumika kutangaza wanja wa kope, mwanamke akaambiwa aweza kulia asihofie macho yake. Sasa picha imefanywa shahidi wa bidhaa: tazameni, analia na wanja haukutiririka! Utatiririka vipi, na kioo hakina maji? Hata wanja ule ukiwa mzuri kama ulivyosifiwa, shahidi aliyeletwa hakushuhudia kitu. Picha haikubadilika; lililozidi ni dai. Huyu ni jirani wa yule mwuza nafaka aliyeficha iliyoloa chini ya kavu, Mtume s.a.w. akatia mkono katika rundo lake, vidole vikapata maji, akamkana mwenye kughushi. Ajabu ni kuwa pale ulifichwa unyevu, na hapa umefichwa ukavu.

Nami sina budi kusema yangu. Niliwahi kuletewa katika simu picha ya mti ulioinama kama mtu aliyerukuu, nao, kwa maneno ya mletaji, umeelekea Kibla. Nikaionyesha katika darsa, watu wakasabihi. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha kwa adabu mahali ilipotengenezwa kwa kompyuta. Man Ray hakumtaka mtu asabihi kwa kioo chake, mimi niliwataka. Nikamwuliza kijana tangu lini alijua. Akasema, tangu siku ile ile ya darsa, lakini aliona haya kunikosoa mbele ya watu. Wiki iliyofuata nilikaa mahali pale pale nikawaambia wote. Wazee wawili walikasirika, si kwa kuwa niliwadanganya, bali kwa kuwa nimewanyang'anya mti wao.