Nani Ana Haki ya Kuikubali Hatari ya Nyuklia?

Nishati ya nyuklia hutokana na kupasuliwa kwa kiini cha atomu ya urani. Joto lake huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo ya umeme. Faida yake ni kubwa, wala haifai kubezwa: kidonge cha urani chenye gramu chache hutoa nishati inayokaribia ile ya tani nzima ya makaa ya mawe, tena bila moshi, masika na kiangazi. Hasara zake nazo zinajulikana. Ziko ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, gharama za ujenzi, na udugu wake na silaha. Iko pia taka: plutoni-239 hupungua nusu tu baada ya miaka 24,000 hivi.

Faida na hasara hizo huwekwa kwenye mizani moja, kana kwamba mwenye kufaidi na mwenye kudhurika ni mtu yuleyule. Kongo inajua kwamba sivyo. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe, Katanga, ulianza kuchimbwa mwaka 1921 na kampuni ya Union Minière, iliyotafuta radiamu. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Wachimbaji walioyabeba mawe kwa mikono hawakuombwa ridhaa. Serikali iliufunga mgodi Januari 2004, lakini watu waliendelea kuingia kutafuta kobalti, na Julai mwaka huohuo ukaporomoka na kuua.

Upande mwingine wa historia hiyo una matumaini. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, TRICO I, kiliwashwa Kinshasa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za rekta wake, Monsinyori Luc Gillon, padre Mbelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia. Kilikuwa cha utafiti na mafunzo, si cha umeme. Kinu kilichokirithi, TRICO II, kilizimwa mwaka 2004.

Katika wilaya ya Kailo, karibu na Kindu, mkoani Maniema, swali la nani hufaidi na nani hudhurika si la mbali. Watu wa huko huchimba kasiteriti na wolframu ambazo huenda kutengenezea vifaa vya nchi nyingine, huku vijiji vingi vikikaa gizani. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ambao elimu yao iliingia Maniema kupitia Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, wana kanuni kwamba kuepusha madhara hutangulia kuleta manufaa. Kanuni hiyo yaweza kuonekana kuifungia nyuklia mlango. Lakini giza nalo ni madhara: mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi amekwisha kudhurika. Hivyo madhara yako pande zote mbili, na kinachobaki kuamua ni ridhaa. Mtu anaweza kujikubalia hatari, ila hawezi kumkubalia jirani asiyeulizwa. Suala la asiyezaliwa ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hana namna ya kuulizwa. Waraka wa Laudato Si' wa Papa Fransisko, wa mwaka 2015, unautaja mshikamano kati ya vizazi kuwa suala la haki, si jambo la hiari.

Kwa kipimo hicho, nyuklia inaweza kuwa halali kwa taifa lenye wakaguzi huru, fedha za kutunza taka na raia wanaoweza kusema hapana wakasikilizwa. Kongo ya leo haijafika hapo, na haina sababu ya kukimbilia. Maporomoko ya Inga kwenye Mto Kongo peke yake yana uwezo wa zaidi ya megawati 40,000, na mito ya Maniema inatosha mabwawa madogo kama lile la Lutshurukuru. Bwawa nalo huzamisha mashamba, lakini hasara yake huonekana na anayewasha taa, naye anaweza kuidai fidia angali hai.