Mtu Akigeuza Uso

Kwa vijana ninaofundisha picha hapa Kacyiru, swali si kamera ipi kali. Swali ni hili: mtu akikataa kupigwa, unamwona? Nikon F ya 1959 ina kioo ndani, unaona kile kile lenzi inachoona. Ila ukibonyeza, kioo kinaruka juu na jicho linapata giza. Akigeuza uso sekunde ile, hukumwona. Leica M3 ya 1954 ina dirisha lake pembeni, halizibwi. (Ila ukisahau kifuniko cha lenzi, filamu nzima ya bure!) Kwenye foleni ya maji kambini, mama akijifunika kitenge, mwenye Leica amemwona. Hawezi kusema hakujua. Mimi naipendea hapo, inamnyima udhuru. Sasa, ukishamwona, picha ile utaisafisha kweli?