Lenzi Bora na Mpaka wa Tamaa
Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55. Ikivutwa hadi mwisho, tundu lake hufunguka kufikia f/5.6 tu, ilhali lenzi ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ule wa lenzi hiyo. Kwa mpiga picha za harusi ukumbini usiku, tofauti hiyo ni kubwa mno. Lakini je, hamu ya kupata kilicho bora ina mpaka? Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitenganisha tamaa za lazima na tamaa tupu zisizo na kikomo. Mgawanyo huo ni wa thamani, ila hauwezi kufuata bidhaa yenyewe: lenzi ileile ni hitaji kwa huyu na tamaa tupu kwa yule. Kinachoamua ni sababu iliyoiharibu picha. Wacheza ngoma wakitoka na ukungu kwa uhaba wa mwanga, tundu pana ni jibu halali. Mpigaji akisimama pabaya, au akikosa subira, hakuna kioo kitakachomwokoa. Mpiga picha mashuhuri Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50 isiyovuta kabisa.