Siku Kubwa ya Nani?

Wachina wana sikukuu moja ambayo haingoji mwezi kuandama. Huitwa Dongzhi, nayo hutukia pale jua linapofika ukomo wa safari yake ya kusini, na katika nchi za kaskazini mchana ukawa mfupi kuliko michana yote ya mwaka. Aghalabu ni tarehe 21 au 22 Desemba. Watu wa Hong Kong wana msemo kwamba siku hiyo ni kubwa kuliko Mwaka Mpya. Huiadhimisha kwa kuketi jamaa wote katika meza moja, na baada ya kuku na samaki huletwa bakuli la vitonge vya unga wa mchele unaonata, vimetiwa ufuta mweusi ndani, vinaelea katika maji moto ya sukari na tangawizi. Vitonge hivyo ni tangyuan, na jina hilo linakaribiana kwa sauti na tuanyuan, yaani kukutana tena kwa jamaa waliotawanyika. Msomaji aliyezoea vina hahitaji kuelezwa zaidi. Hata sisi, maneno karamu na ukarimu tumeyatoa katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

Habari za bakuli hilo sikuzipata kwa Mchina. Nilizipata kwa mwanamke wa Kifilipino, mwaka 1999, nilipokuwa baharia katika meli ya makontena. Aliyepata kuifanya kazi hiyo anajua kwamba ni nadra kupanda meli usimkute Mfilipino. Kwetu alikuwa mpishi, mtu wa Batangas, na dada yake alikuwa mtumishi wa nyumbani huko huko Hong Kong. Tulifunga gati Kwai Chung siku ya Krismasi. Kesho yake, Jumapili, tukavuka kwa feri hadi Central kwenda kumwamkia.

Barabara ya Chater hufungwa kwa magari siku ya Jumapili. Hapo, na chini ya jengo kuu la benki ya HSBC ambalo sakafu yake ya chini iko wazi kama baraza, nilikuta wanawake wa Kifilipino kwa maelfu. Wametandika maboksi yaliyokunjuliwa, wamevua viatu, wanakula, wanasukana, wanaandika barua, wanafunga mizigo ya kupeleka kwao. Ilikuwa siku yao moja ya mapumziko katika wiki, na kwa kuwa hulala katika nyumba za waajiri wao, hawakuwa na ukumbi mwengine wa kukutania. Mpishi alimwita dada yake Ate, neno la Kitagalogi la dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo.

Ate alitukaribisha kwa wali na samaki wa kukaanga. Nikamwuliza, kwa adabu ya mgeni asiye na la kusema, Krismasi yake ilikuwaje.

"Jana nilikuwa kazini," akajibu. "Sikukuu yangu mimi ilikuwa Jumatano."

Sikuelewa, akanifahamisha. Sheria ya ajira ya Hong Kong humtambua mtumishi wa nyumbani kama mfanyakazi mwengine, na humpa sikukuu zake. Lakini katika orodha ya sikukuu hizo pana mstari mmoja wa ajabu: ama Dongzhi ama Krismasi, kwa hiari ya mwajiri. Mwajiri wake, bibi mzee aliyeishi na mwanawe na wajukuu, alimchagulia Dongzhi. Wala hakuchagua kwa ubahili. Alimshika mkono asubuhi, akamwambia leo hufanyi kazi, leo utakula pamoja nasi, wewe ni mtu wa nyumba hii. Mkaza mwana ndiye aliyepika. Ate akaketishwa baina ya wajukuu, akapewa bakuli lake.

Alipouma kitonge cha kwanza akamkumbuka mama yake. Wafilipino nao wana vitonge vya namna hiyo, bilo-bilo, ila vyao hupikwa katika tui la nazi pamoja na ndizi na fenesi. (Alipotaja tui na fenesi, roho yangu nayo ilikwenda kwetu, lakini hiyo ni habari nyengine.) Akala akamaliza, akaongezwa, akala tena.

"Nilikula kwa raha, mdogo wangu," akasema, "na hilo ndilo linaloniudhi."

Usiku wa kuamkia Krismasi, wakati wanawe huko Batangas wanatoka misani na kuketi kwenye kile chakula cha usiku wanachokiita Noche Buena, yeye alikuwa akipiga pasi. Na siku yenyewe ya Krismasi aliwachukua wale wajukuu kwenda kutazama taa za mji.

Je, bibi yule alimtendea wema, au alimdhulumu?

Nilipokuwa kijana nililijibu swali hili kwa haraka: ni dhuluma iliyovikwa nguo ya sikukuu. Siku hizi sisemi hivyo. Wazee wetu walitufunza tumpendelee mwenzetu lile tunalojipendelea wenyewe. Confucius anakumbukwa kwa kuwafunza wanafunzi wake jambo hilo kwa kukanusha, kwamba tusimtendee mwenzetu tusilotaka kutendewa. Bibi yule, nionavyo mimi, alizitimiza njia zote mbili. Lau angelikuwa yeye ndiye mtumishi ugenini, angelitamani nini zaidi ya kuketishwa mezani usiku wa Dongzhi? Lile alilojipendelea, ndilo alilompa Ate. Na hapo hapo, katika kuitimiza kanuni, ndipo lilipo kosa.

Kazi yangu ni kufasiri, na nimejifunza bila ya mwalimu, kwa kukosea. Kosa la kwanza la mfasiri mchanga ni kulihamisha neno kama lilivyo, akadhani kuwa amehamisha maana. Siku kubwa ya bibi, ukiifasiri katika maisha ya Ate, huwa Krismasi. Kumpa Dongzhi ni kumfasiria neno kwa neno: kila kitu kipo isipokuwa maana. Kanuni ile njema haiwezi kutumika baina ya watu wa mila mbili pasi na mfasiri, na mfasiri mwaminifu humwuliza mwenye lugha. Bibi hakuuliza. Pengine hakujua kuwa pana la kuulizwa, na sheria haikumtaka aulize.

Nitaambiwa kwamba Ate alitabasamu akashukuru, basi bibi angelijuaje? Ni kweli. Lakini mtu ambaye riziki yake, kitanda chake na ruhusa yake ya kuwamo nchini vyote vimefungamana na mwenye bakuli, hawezi kutamka "bibi, nipe Krismasi" bila ya kupiga hesabu kwanza. Ukarimu unaompata asiyeweza kuukataa una kasoro, hata mtoaji awe na moyo safi. Hata hivyo siwaungi mkono wale waniambiao kwamba bakuli lile lilikuwa unafiki mtupu. Raha aliyoipata Ate ilikuwa raha. Kama ingelikuwa ya uongo isingelimwudhi.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii humtoa mtu katika ugeni kwa kumpa kazi. Haisemi aliyeshika jembe tangu siku ya kwanza atakuwa mwenyeji lini. Mahakama ya juu kabisa ya Hong Kong iliulizwa jambo lililo karibu na hilo. Mtumishi mmoja wa Kifilipino, aliyefanya kazi huko tangu mwaka 1986, aliomba haki ya ukaazi wa kudumu ambayo wageni wengine huweza kuiomba baada ya miaka 7. Machi 2013 majaji waliamua kwamba kukaa kwa watumishi wa nyumbani siko ule ukaazi wa kawaida uliokusudiwa na sheria. Mtu wa nyumba hii, naam, lakini si mkaazi wa mji huu. Na ule mstari wa hiari ungalipo. Mwaka 2024 siku ya kwanza ya kazi baada ya Krismasi iliongezwa katika orodha ya sikukuu, hata sasa mtumishi huipata kwa haki kesho yake ya Krismasi, na Krismasi yenyewe huingojea kwa mwajiri.

Kisa cha Ate nilikisimulia barazani mara nyingi, na kila mara wasikilizaji walimsikitikia, nami nikaona nimefanya jambo. Mwaka 2006 tulikuwa na binti wa kazi nyumbani, Mkristo kutoka bara. Idi ilipofika mke wangu alimshonea gauni la kitambaa kile kile cha binti yetu, na picha waliyopiga pamoja tunayo hadi leo. Desemba ya mwaka huo, asubuhi moja, nilipita mlangoni mwa jiko nikamsikia akiimba kwa sauti ya chini wimbo nisioujua. Nikasimama. Ilinichukua muda kuikumbuka tarehe.

"Leo si sikukuu yenu?" nikamwuliza.

"Ndiyo, baba," akasema, akaendelea kuchagua mchele.