Karatasi za Bibi wa Kiponda

Bibi mmoja wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, alikubali kuhamia kwa binti yake Fuoni, magoti yalipokuwa hayawezi tena ngazi. Vitu vya nyumba ya ghorofa tatu vilitakiwa viingie chumba kimoja, na vijana walipewa muda wa baina ya sala ya Ijumaa na magharibi wamalize. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, basi kila kitu kilibebwa na mahamali mpaka Darajani. Bibi mwenyewe aliwekwa kwenye baraza ya jirani, asisumbuliwe. Yaani mtu pekee aliyejua kila karatasi inahusu nini ndiye aliyetolewa nje.

Kasha la misumari ya shaba lilikuwa limeshapata mnunuzi wa vitu vya kale. Mjukuu alipolipekua, akakuta ndani yake droo za siri, kama makasha mengi ya zamani yalivyo, na humo bulungutu la karatasi za Kiarabu zilizoanza kwa Bismillahi. Kur'ani anaisoma, lakini mwandiko wa makarani wa zamani ulimshinda.

"Mjomba, hizi tuzifanyeje?"

"Zina jina la Mungu, mwanangu, usizitie jaani. Zichome, majivu ukayamwage baharini."

Akafanya hivyo kwa adabu zote. Nasikitika zaidi kwa sababu hapakuwa na uzembe wala dharau: karatasi ziliangamizwa kwa heshima.

Moja ilikuwa hati ya wakfu. Babu yake bibi aliiweka wakfu nyumba ile kwa kizazi chake, na mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Tangu Mji Mkongwe uingie katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba za namna ile hutafutwa na wenye mahoteli. Haukupita muda binamu kutoka Muscat akaja na mnunuzi. Familia ikakimbilia Kamisheni ya Wakfu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1905, na huko ikaulizwa jambo la haki kabisa: hati iko wapi?

Bado kuna njia. Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimehifadhi madaftari ya hati za zama za ukoloni, na kama babu aliiandikisha, nakala huenda imo. Lakini mtafutaji anahitaji jina la aliyeandikisha na angalau mwaka wa kukisia. Jina bibi alilikumbuka. Mwaka ulikuwa kwenye karatasi iliyochomwa.

Cheti cha kuzaliwa kikipotea, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii anaweza kukutolea kingine. Hati ya mkono, ambayo mashahidi wake wamekwisha kufa, haina mahali pa kuombwa upya. Kwa hiyo kabla hata mkeka haujakunjwa, kaa na mzee mfungue karatasi moja moja. Muulize kila moja ni ya nini, na uandike jibu lake juu ya bahasha, kwa herufi ambazo wajukuu wanazisoma. Za Kiarabu mpelekee anayezijua, hata kama zinafanana na dua. Zipige picha, na picha umtumie ndugu anayekaa nyumba nyingine. Siku ya kuhama, bahasha zisiingie katika mizigo ya mahamali. Zibebwe mkononi na mtu mmoja anayejulikana, na mzee awe ndani ya nyumba mpaka kasha la mwisho litoke.