TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Karatasi na Ushahidi



Siku hizi safari zimekuwa nyepesi. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Pasipoti nazo zina chipu ndani. Ni jambo zuri. Lakini tujiulize, hiyo chipu inajua nini? Inajua kwamba pasipoti si bandia. Haijui kama yule aliyeulizwa mwanzo kabisa, "Huyu ni mtoto wa nani?", alisema kweli. Kila kitambulisho huanzia mdomoni mwa mtu: mkunga, jirani, mzee wa mtaa.

Wenzetu wenye asili ya Pemba wameishi huku Kwale na Kilifi vizazi na vizazi. Wanavua nasi, wanazika nasi. Ila ni 2023 tu ndipo serikali ilipowatambua kuwa raia wa Kenya.

Kabla ya hapo, kijana mmoja wa jamii hiyo alinijia baada ya tarawehe. "Ustadhi, niandikie barua kuwa mimi ni mzaliwa wa hapa." Nikamwambia siwezi, sikuwepo alipozaliwa. Akaondoka kimya. Nami nikalala nikijiona mchamungu, nimekwepa ushahidi wa uongo.

Kesho yake nikisoma Suratul Baqara nikafika aya ya 283. Inakataza kuficha ushahidi, na inatuambia moyo wa mwenye kuuficha umo dhambini. Wallahi nilishtuka. Kuzaliwa kwake sikukuona, sawa. Lakini nilimsomesha alifu na bee akiwa mdogo, na babake nilimswalia jeneza. Hayo niliyajua, nikayanyamazia.

Nikamtafuta. Nikamwandikia ninayoyajua, bila kuongeza neno. La kuzaliwa tukaenda pamoja kwa bibi aliyemzalisha, akalisema mwenyewe.

Ndugu zangu, kusema uongo ni dhambi, na kunyamaza ilhali unajua pia ni dhambi. Suratul Hujurat aya ya 13 inatufunza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Basi kitambulisho kiwe cha kujuana, kisiwe cha kumkana jirani unayemjua.

Leo kabla ya futari jiulize: nani anangojea neno langu? Lisema ulijualo, usizidishe, usipunguze.

Ya Allah, tujaalie tuwe mashahidi wakweli. Amin.

Tukutane kesho inshaAllah. Saumu njema.